Nani Atachonga Ulimi wa Nzumari Kitale?

Mwanafunzi wa somo la Muziki katika shule ya upili ya Kitale au Bungoma huijua nzumari kwa picha. Mchoro wenyewe ni mdogo: mwili wa mti unaopanuka kuelekea mwisho, matundu ya vidole, kisahani karibu na mdomo, na mishale inayotaja kila sehemu. Chini yake ameandikiwa kwamba ala hii ni ya pwani, hasa ya Wadigo, na kwamba sauti yake hutokana na ndimi mbili nyembamba zinazotetema zikigusana. Kurasa chache mbele anakutana na oboi na basuni, ala za mbao za orkestra ya Ulaya, nazo pia za ndimi mbili. Mtihani wa KCSE ukifika anaweza kuzitaja zote tatu, akazipanga katika jamii zake na kupata alama kamili. Anaweza pia kumaliza kidato cha nne bila kusikia hata moja ikipulizwa mbele yake.

Hilo ni jambo la kusikitisha, na halitokani na uhaba wa muziki. Magharibi mwa Kenya kuna sauti tele.

Agosti ya miaka shufwa, Bungoma nzima huitika. Wavulana wa Kibukusu wanaojiandaa kwa tohara huzunguka kwa jamaa zao kuwaalika, mikononi wameshika chinyimba, njuga za chuma wanazozigonga kwenye bangili za chuma walizovaa. Kundi la vijana huwafuata likiimba, filimbi zikilia katikati ya mwitikio. Alfajiri ya siku yenyewe mvulana hupelekwa mtoni akapakwa matope, na njiani kurudi nyumbani kwa babake umati humwimbia Sioyaye. Asiyewahi kuusikia wimbo huo ukipanda kilima kabla jua halijachomoza hajui ni kiasi gani cha sauti kinaweza kutoka vifuani mwa watu bila kipaza sauti. Mbali na tohara kuna litungu, kinubi cha nyuzi saba kinachopigwa kwenye harusi, matanga na vikao vya wazee. Kuna siiriri, fidla ya uzi mmoja ambayo mchezaji wake huimba akibishana nayo. Jumapili asubuhi, mitaani na kwenye njia za vumbi, bendi za Jeshi la Wokovu, kanisa lililoingia Kenya mwaka 1921 na kupata waumini wengi upande huu wa nchi, hupita na matarumbeta yao ya shaba na ngoma kubwa.

Kitale nayo huongeza ya kwake. Mji huu ulikulia katikati ya mashamba makubwa ya walowezi, na ardhi hiyo ilipogawanywa baada ya uhuru walikuja watu wa kila upande: Wabukusu, Wasabaot, Wanandi, Wapokot, Waturkana, Wakikuyu, Wakisii. Kwenye sherehe moja ya kaunti hii ya Trans Nzoia litungu inaweza kufuatwa na kibugandet, kinubi cha Wanandi, na usiku ukiingia mugithi ya Wakikuyu ikashika zamu. Watu wa huku wamezoea kusikiliza muziki wa jirani na kuucheza kabla ya kuyaelewa maneno yake.

Ila katika wingi wote huo ndimi mbili hazipo. Kuna nyuzi, kuna ngozi, kuna chuma, kuna shaba, kuna koo za watu. Jeshi la Wokovu kwa desturi yake hupiga shaba tupu, bila klarineti wala oboi. Misafara ya Waswahili ilifika Mumias katika karne ya 19, ikaacha dini, nguo na lugha, lakini nzumari haikuingia katika orodha ya ala ambazo Waluhya wanaziita zao.

Basi ni ala gani hizi ambazo mtoto wa Kitale anazikosa?

Jamii yake imeenea nusu ya dunia. Misri kuna mizmar, Uturuki zurna, India shehnai, China suona. Wahausa wa Nigeria na Niger wana algaita. Zote zina mwili wenye tundu linalopanuka, na zote hulia kwa vipande viwili vyembamba vilivyofungwa pamoja, vikiachiwa upenyo mdogo ambao pumzi hupitia kwa nguvu. Pwani ya Afrika Mashariki, kutoka Lamu hadi Zanzibar, iliipokea ala hii kupitia biashara ya Bahari ya Hindi, ikaichonga kwa miti yake na kuipa kazi katika ngoma zake. Ulaya ya Zama za Kati ilikuwa na shawm, ala ya nje kabisa: ya minara ya miji, ya maandamano, ya harusi za uwanjani. Kelele yake ilikuwa sifa. Katikati ya karne ya 17, kwenye baraza la Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, mafundi na wapigaji, wakitajwa zaidi wa koo za Hotteterre na Philidor, waliitengeneza upya ili iweze kukaa ndani ya ukumbi pamoja na fidla. Hapo ndipo oboi ilipozaliwa. Basuni ilipita njia yake yenyewe kutoka kwa ala nene iliyoitwa dulcian, na leo bomba lake, likinyooshwa, lina urefu wa karibu mita mbili na nusu. Hukunjwa ili mtu aweze kuibeba na kuifikia kwa vidole.

Tofauti kubwa kati ya binamu hawa wawili, nzumari na oboi, iko mdomoni. Mpigaji wa nzumari huingiza ulimi wote ndani ya kinywa na kuegemeza midomo kwenye kisahani. Ulimi unabaki huru, unatetema kwa nguvu zake zote, na midomo haiugusi. Ndiyo maana sauti yake hukata anga. Ndiyo maana pia haishuki kirahisi ikawa mnong'ono. Mpigaji wa oboi huushika ulimi kwa midomo yake iliyokunjwa juu ya meno, akaubana na kuuachia kwa kipimo kidogo mno, na kwa njia hiyo anaweza kuikuza noti kutoka karibu na kimya na kuirudisha huko. Kilichobadilishwa Ufaransa karne ya 17 kilikuwa, pamoja na mengine, mahali pa midomo.

Tofauti iko kwenye pumzi pia. Upenyo wa ulimi wa oboi ni mdogo hivi kwamba hewa haitoki yote. Mpigaji humaliza sentensi ya muziki mapafu yakiwa bado yamejaa hewa iliyochakaa, na hulazimika kuitoa kwanza ndipo avute nyingine. Mpigaji wa nzumari amelitatua jambo hilo kwa ustadi ambao wanafunzi wengi wa konsavatori za Ulaya huutafuta kwa miaka: hujaza mashavu, huyasukuma yatoe hewa huku pua ikivuta nyingine, na wimbo unaendelea bila kukatika. Kwenye Sengenya, ngoma ya Wadigo ambayo nzumari huiongoza mbele ya ngoma kadhaa na upatu, hakuna anayetarajia kiongozi asimame kupumua.

Sasa ulimi wenyewe. Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu maisha yote ya ala hizi yako hapa.

Ulimi wa oboi hutokana na tete liitwalo kitaalamu Arundo donax. Lile linalosifiwa zaidi hukua kusini mwa Ufaransa, wilaya ya Var, ambako hukatwa wakati wa baridi na kuachwa likauke muda mrefu kabla halijaguswa na kisu. Kipande chake hupasuliwa, huchongwa kwa ndani hadi kibaki chembamba, hulowekwa, hukunjwa katikati, kisha hufungwa kwa uzi juu ya kijibomba cha chuma chenye kizibo. Sehemu iliyokunjwa hukatwa, na ghafla kuna ndimi mbili. Kazi ngumu huanza hapo. Mpigaji hukwangua ncha kwa kisu kikali, kidogo kidogo, akiinua ulimi kwenye mwanga kutazama kivuli chake, akiupuliza peke yake bila oboi kusikiliza kama unatoa mlio wa bata au umekaza. Akikwangua mara moja zaidi ya inavyotakiwa, kazi ya saa nzima imeharibika. Ukifaulu, ulimi mzuri hutumika wiki chache tu kisha hulegea. Wapigaji wa oboi na basuni, hata wale wa orkestra kubwa za Berlin na Chicago, hutumia sehemu kubwa ya maisha yao mezani na kisu, uzi na kikombe cha maji. Mara nyingi saa za kuchonga hushindana na saa za kupiga.

Ulimi wa nzumari ni wa haraka zaidi. Fundi huchukua jani la mti wa jamii ya mnazi, hulikata, hulikunja na kulifunga kwenye kijibomba cha chuma kinachoingia katika mwili wa mti. Mchana huohuo anaweza kutengeneza kadhaa na kuchagua ule unaolia vizuri. Ukikauka katikati ya ngoma, mate yanatosha.

Mtu akiona tofauti hiyo anaelewa kwa nini kuletewa oboi kwenye kontena, zawadi ya wahisani kutoka ng'ambo, hakutoshi kuanzisha wapigaji wa oboi Bungoma. Ala yenyewe inaweza kudumu miaka mingi. Ulimi haudumu mwezi. Shule isiyo na mtu wa kuchonga ingeagiza ndimi kutoka nje, kila mojawapo kwa maelfu ya shilingi, na siku pesa zinapokatika oboi ingerudi kwenye sanduku lake. Tarumbeta ya Jeshi la Wokovu imeishi hapa karne moja kwa sababu kinywa chake ni chuma. Mtoto humrithi babake kipande kilekile cha shaba na kukiosha kwa maji. Ala ya ndimi mbili hairithiwi hivyo. Hurithiwa pamoja na kisu na mkono wa anayekishika.

Mwinuko wa nchi nao una neno lake. Mombasa iko usawa wa bahari, Bungoma iko karibu mita 1,400 juu yake, na Kitale karibu 1,900. Hewa ya juu ni nyepesi, na ulimi uliochongwa kwa ajili ya pwani huonekana mgumu ukifika mlimani: haujibu upesi, noti za chini zinagoma. Wapigaji wa oboi wanaosafiri kwenda miji ya milimani, kama Denver huko Marekani, wanalijua tatizo hili na hukwangua ndimi zao ziwe nyembamba zaidi. Asubuhi za Kitale, ukungu ukishuka kutoka Mlima Elgon na baridi ikiuma, zina hatari nyingine. Oboi nzuri huchongwa kwa mpingo, na mpingo ukipulizwa pumzi ya moto ilhali mwili bado una baridi huweza kupasuka. Wenye oboi mpya huipasha kwapani au chini ya koti kabla ya kuipuliza, na kwa miezi ya mwanzo huipiga dakika chache tu kwa siku. Nyongeza kama hizi hazimo katika kitabu cha kiada. Angekuja kuzijua mtu aliyeishi Kitale na ala hiyo.

Mpingo, ndiyo. Jambo hili hustahili kusemwa kwa sauti katika kila darasa la muziki la Afrika Mashariki. Ule weusi unaong'aa kwenye picha za oboi na klarineti za Paris na London ni mti wa huku kwetu, Dalbergia melanoxylon, unaokua katika nyika kavu za Kenya na hasa misitu ya kusini mwa Tanzania, Lindi na Kilwa, na ambao Tanzania imeufanya mti wake wa taifa. Hukua polepole, huhitaji miaka 70 hadi 100 kabla haujafaa kwa ala. Mwaka 2017 ukawekwa pamoja na spishi nyingine za jenasi yake chini ya udhibiti wa biashara wa mkataba wa CITES, na wanamuziki wa dunia wakahangaika mipakani na vibali vya ala zao, hadi mwaka 2019 mkutano wa Geneva ulipoziondolea ala zilizokwisha kutengenezwa masharti hayo. Vijiji vya Kilwa vinavyomiliki misitu yao vilipata cheti cha FSC cha utunzaji bora wa misitu mwaka 2009 na tangu hapo vimeuza mpingo kwa bei ya haki zaidi. Lakini gogo huondoka likiwa gogo. Oboi ya kiwango cha juu inayorudi, kama inarudi kabisa, huzidi shilingi milioni moja za Kenya. Kijana wa Bungoma anapoambiwa oboi ni ala ya kigeni, aambiwe pia ni mti gani umo ndani yake.

Nairobi ina wachache waliofika mbali katika muziki wa orkestra. Konsavatori ya Muziki ya Kenya ilianzishwa mwaka 1944. Orkestra ya Nairobi imekuwapo tangu miaka hiyo hiyo ya arubaini. Mwaka 2008 Elizabeth Njoroge alianzisha Ghetto Classics huko Korogocho, karibu na jaa la Dandora, na watoto waliokulia kwenye moshi wa taka wakajifunza fidla, klarineti na shaba. Kinshasa, Armand Diangienda alikuwa ametangulia mwaka 1994 kwa Orkestra ya Kimbanguist. Mwanzoni ala zilikuwa chache kuliko watu, wakazipokezana kwa zamu, na uzi wa fidla ukikatika waya wa breki za baiskeli ulishika nafasi yake. Ujasiri huo unapendeza mno. Lakini msomaji aone jambo moja: waya wa baiskeli unaweza kuwa uzi wa fidla. Kitu cha kuokota hakiwezi kuwa ulimi wa oboi. Ndiyo sababu orkestra changa za vijana, popote zinapoota, huwa na fidla nyingi, filimbi kadhaa na shaba za kutosha, na viti vya oboi na basuni hubaki vitupu kwa muda mrefu zaidi ya vingine vyote.

Kuna mfano wa zamani unaotia moyo. Venice, mwanzoni mwa karne ya 18, kulikuwa na nyumba ya watoto yatima iitwayo Ospedale della Pietà, ambako wasichana walioachwa na wazazi walifundishwa muziki hadi wageni wakawa wanasafiri kwenda kuwasikiliza. Antonio Vivaldi alianza kufundisha hapo mwaka 1703. Mtunzi huyo aliacha koncheto 39 za basuni, mbili kati yake zikiwa hazijakamilika, idadi isiyo na kifani kwa ala ambayo watunzi wengi waliiona kuwa ya kusindikiza tu. Mtu huandika koncheto 39 pale anapojua kuna mtu wa kuzipiga wiki ijayo.

Hapo ndipo hoja yote ilipo. Ala huishi ikipewa kazi. Litungu haijafa Bungoma, na haikuokolewa na kitabu. Imeishi kwa sababu watu bado wanaoa na bado wanazika, na anayeoa au kuzika humtafuta mchezaji wake. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho imetoka Kakamega ikafika kila uwanja wa sherehe za kitaifa na kila mechi ya AFC Leopards, kiasi kwamba Mkenya wa kabila lolote huitambua kwa pigo la kwanza. Na hata hivyo UNESCO, mwaka 2014, iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Umaarufu wa uwanjani na uhai wa nyumbani havilingani kila mara. Nzumari nayo ina kazi yake Kwale, kwa Wadigo. Huku Kitale haina kazi hata moja, na mchoro kwenye kitabu hauwezi kuwa kazi.

Wapo watakaouliza: nzumari ni ya Wadigo, kwa nini iletwe kwa Wabukusu na Wasabaot? Ni swali la haki. Jibu lake liko katika wimbo wa taifa wenyewe. Mwaka 1963 kamati iliyowajumuisha Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi ilichukua bembelezi ya Wapokomo, wimbo wa kumlaza mtoto kutoka bonde la Mto Tana, ikajenga juu yake wimbo wa taifa. Kila asubuhi ya gwaride watoto wa Bungoma huimba sauti ya pwani na hakuna anayelalamika. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limewazoesha pia walimu na wanafunzi kucheza ngoma za wenzao kwa heshima na kwa ushindani mkali. Shule ya mlimani huweza kupanda jukwaani na ngoma ya ziwa, na ya ziwa na ngoma ya mlima.

Mipaka iwepo, hata hivyo. Sioyaye ina wenyewe na ina saa yake, na hakuna mtu mwenye adabu atakayeichomekea nzumari ili kuipamba. Kazi ya nzumari Bungoma itafutwe kwingine: harusi, mahafali, mikutano ya shule, jukwaa la tamasha, uwanja wa maonyesho ya kilimo Kitale. Hizo ni sehemu za nje, zenye vumbi na upepo, ambako oboi ingemezwa na kelele baada ya mita kumi na nzumari ingesikika hadi barabarani. Kwa nchi hii, katika hali yake ya sasa, nzumari ni ala ifaayo zaidi kuliko oboi. Na mtoto aliyeizoea nzumari, aliyekwisha kujifunza kufunga ulimi, kuutunza na kuzungusha pumzi, akikutana na oboi chuoni Maseno au Kenyatta atakuwa amekwisha kuvuka nusu ya njia.

Ujuzi huo unaweza kuanzia padogo. Mtaala wa umilisi umewapa watoto wa Gredi ya 4 rekoda, na katika shule nyingi za Trans Nzoia na Bungoma utasikia noti za B, A na G zikirudiwa kutoka darasa hadi darasa. Vidole vimekwisha kujua kufunika matundu. Kinachokosekana ni hatua ya pili baada ya rekoda, na nzumari ingeweza kuwa hatua hiyo bila kusubiri kontena kutoka nje. Mbao zipo, Kitale ni mji wa mafundi seremala, na miti migumu ya Elgon wanaijua kwa mikono. Matete yamejaa kwenye vinamasi, ingawa kama yanafaa kwa ndimi ni jambo la kujaribiwa kwa kisu, si la kukisiwa. Mahali papo pia. Jumba la Makumbusho la Kitale, ambalo asili yake ni mkusanyo ulioanzishwa na Luteni Kanali Hugh Stoneham mwaka 1926 na kuhamia kwenye jengo la sasa mwaka 1974, lina nyumba za jadi za jamii kadhaa chini ya miti mikubwa. Fundi mmoja wa Kidigo akikaribishwa hapo wakati wa likizo ya Agosti, akaja na visu vyake na mganda wa majani ya pwani, akakaa na walimu wa muziki pamoja na seremala wawili au watatu, angeacha Kitale kitu ambacho shehena ya oboi isingekiacha. Safari ni zaidi ya kilomita 800. Basi la usiku linatosha.

Walimu wangekuwa wanafunzi wa kwanza, na ingefaa wasione haya. Ulimi wa kwanza wa kila mtu hulia vibaya. Wa pili hupasuka. Mashavu huuma, masikio ya majirani huuma zaidi. Lakini mwalimu aliyefunga ulimi kwa mkono wake mwenyewe hatafundisha tena nzumari kwa mishale ya mchoro. Atauweka ulimi mezani, ataupuliza peke yake watoto wacheke mlio wake, kisha atauingiza katika mti wanyamaze. Ndipo atakapowafungulia rekodi ya Petro na Mbwa Mwitu, kazi ya Sergei Prokofiev ya mwaka 1936, ambamo oboi ndiyo bata na basuni ndiye babu anayenung'unika, na watoto watatambua mara moja kwamba sauti hizo mbili ni ndugu wa kile walichokisikia mezani.

Mazoezi ya kwanza ya nzumari na litungu pamoja yangeanza na shida ya kweli, ileile ambayo orkestra huanza nayo kila jioni. Ukumbi ukitulia, oboi hutoa noti ya A na wengine wote huilinganisha sauti yao nayo. Sababu inayotajwa zaidi ni kwamba sauti yake hupenya na haiyumbishwi kwa urahisi, ilhali nyuzi zinaweza kukazwa au kulegezwa. Nzumari iko hivyohivyo. Matundu yake yalitobolewa na fundi kwa sikio lake na hayahami. Mwenye litungu angelazimika kumsikiliza mwenye nzumari, kuzizungusha nyuzi zake saba kwenye mti wa juu, moja baada ya nyingine, hadi ziingie katika mpangilio wa pwani, kisha kuuliza ni noti ipi imebaki nje. Watoto wenye rekoda za kiwandani wangekuwa na kibarua kigumu zaidi, kwa kuwa rekoda haikazwi wala hailegezwi, na ngazi yake si ya Kwale. Wangepewa zamu yao peke yao mwanzoni, au noti mbili tatu zinazokubaliana, huku seremala wa Kitale akipima rekoda moja kwa rula na kuanza kutoboa nzumari itakayolingana nayo.